Vijiti vya Sifongo

Dokta Ethelbert Quamina alirudi Trinidad na masanduku ya vitabu, na nusu ya vitabu hivyo alikuwa ameviandika mwenyewe. Vyote vilisema jambo moja kwa sauti mbalimbali: muziki wa mapipa, yale ya mafuta yaliyofuliwa yakawa ala, haufundishwi kwa karatasi. Unatoka mdomoni mwa anayejua, unaingia sikioni mwa asiyejua, unateremka mkononi, basi. Alikuwa amelisema hilo Toronto, akalisema Leeds, akalisema kwenye mikutano ya mabingwa wa elimu ya muziki wa jamii, na kila alipolisema watu waliinama wakaliandika kwenye karatasi.

Kazi alifanya, tusimnyime haki yake. Aliwafundisha wastaafu wa Kiingereza kupiga mapipa, akawafundisha wafungwa, akawafundisha watoto wa shule waliokuja darasani wamejifunga skafu mpaka puani. Lakini katika kila hotuba, alipofika mahali pa kuwasisimua watu mwili, aliinamisha kichwa kidogo, akashusha sauti, akasema, "Siku ile sisi Kaskadura tulipovuka jukwaa la Savana…" Watu walitoa leso. Wengine walipenga kamasi.

Mwiba ulikuwa kwenye hilo neno "sisi". Bendi ya Kaskadura ilivuka, kweli, kwenye mashindano ya Kanivali katika uwanja wa Savana, na mwaka ule ilishinda. Ila Ethelbert alikuwa ameshapanda ndege wiki moja kabla, kwa kuwa chuo kilichompa nafasi hakikujua Kanivali ni kitu gani wala hakikutaka kujua. Habari za ushindi aliambiwa na mama yake kwa simu, naye amekaa karibu na hita amevaa soksi mbili mbili. Hakuwahi kusema "mimi". Alisema "sisi", na sisi ni nyumba pana, mtu mmoja akijipenyeza hajulikani.

Sasa alikuwa amestaafu, na hamu yake ilikuwa moja tu kabla vidole havijakakamaa: avuke jukwaa lile na Kaskadura, apige pipa lake watu wasikie, ili lile neno alilolikopa maisha yake yote liwe lake.

Kaskadura ni samaki wa matopeni mwenye magamba magumu kama bati, na Trinidad husemwa kwamba aliyemla, hata aende wapi, atarudi afie nyumbani. Bendi ilijipa jina hilo zamani, na uwanja wake uko Laventille, mlimani, ukuta mmoja na kanisa la Wabatisti, ukuta wa pili na mtu anayechaji betri za magari. Dokta alipanda mlima huo amevaa shati jipya la kitani, akamkuta Tanti Verna Ottley, kapteni wa bendi, anakoroga sufuria kubwa ya supu ya mahindi. Wapigaji wa mapipa hawafanyi mazoezi kwa njaa.

"Ng'onda!" alisema Tanti Verna bila kuacha kukoroga.

Hilo ndilo jina alilokulia. Utotoni alikuwa mwembamba, bapa, mkavu, kama samaki wa chumvi anayening'inia dukani kwa Mchina. Hakuwa amelisikia tangu mazishi ya mama yake.

"Siku hizi naona wamekuroweka," aliendelea Tanti Verna, akimtazama tumbo. "Umeumuka."

"Verna, nataka kuvuka na bendi."

"Kuvuka huku si kuvuka barabara. Utajifunza wimbo mzima, halafu binti mmoja, Keziah, atakupima mbele ya watu, peke yako. Hata mwanangu wa kuzaa alipimwa, akashindwa, akasukuma magari ya mapipa msimu mzima wa Kanivali."

"Jambo hili nimelifundisha dunia nzima, Verna."

"Basi si utafaulu tu? Wasiwasi wa nini?"

Alifunika sufuria, akamtazama kwa namna mtu anavyotazama ukuta uliochubuka. Waliowanunulia mapipa mwaka ule walikuwa kampuni ya rangi za nyumba, na kampuni hiyo ilipenda sana watu wenye vyeo. Kabla Dokta hajamaliza bakuli lake la supu, Tanti Verna alikuwa ameshampiga picha kwa simu, upande wa kulia, ambako kipara hakionekani.

Mazoezi yalianza kila jua lilipozama nyuma ya bandari. Mpanga muziki wao aliitwa Boysie Mootoo, mtu mfupi chini ya kofia kubwa. Karatasi hakuwa nayo. Wimbo wote ulikuwa kichwani mwake, na kichwa chake hakikutulia hata akila. Alisimama katikati ya uwanja akaimba, "Pam-pa-ri-pam, ti-ri-ti!" na mapipa makubwa ya nyuma yakajibu, ya kati yakajibu, na yale madogo ya mstari wa mbele yakamwaga sauti kama shanga zilizokatika uzi. "Tena!" akasema Boysie. "Tena! Mara ya mwisho! Tena!" Halafu, watu walipokuwa wameuweka vizuri mkononi, akavua kofia akajikuna. "Hapana. Hiyo mbaya. Tupeni."

Nao waliutupa kama mtu anayetupa maganda ya njegere, wakashika mpangilio mwingine. Dokta hakujua kutupa. Kichwa chake kilikuwa nyumba yenye makabati mengi, na kila kilichoingia kilitafutiwa kabati, kikabandikwa jina, kikafungiwa. Wenzake walipokuwa kwenye wimbo wa leo yeye alikuwa bado anatafuta ufunguo wa jana.

Kiongozi wa mstari wa mbele alikuwa Keziah Alleyne, binti anayeuza simu mjini Charlotte Street. Keziah aliamini kwamba hakuna mpigaji kama yeye kisiwani, na alimwambia hivyo hata asiyemuuliza. Hakufundisha kwa maneno. Alimshika Dokta viganja kwa nyuma, kama anayemfundisha mtoto kunawa, akavipeleka: hapa, hapa, huku, rudi.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia. Hii ni mbinu ya kale sana ya kurithishana maarifa kwa mwili, yaani—"

"Sikuulizi ni nini. Nauliza umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, piga."

Alipiga. Jirani wa betri alichungulia juu ya ukuta kuona ni nini kilichoanguka.

Ndipo Dokta alipoanza kutumia chaki. Aliomba kwenda na pipa lake nyumbani, akafungulia simu aliyorekodia mazoezi, akasikiliza na kurudia, na kwenye kila kibonyo cha uso wa pipa, kila kimoja na noti yake, akaandika namba kwa chaki: moja huku, mbili kule, tatu ukingoni, nne katikati. Watoto wanaoanza mapipa hufanya hivyo wiki yao ya kwanza. Katika kitabu chake cha pili sura nzima ilikuwa inapinga chaki. Aliiita "gongo la kipofu ambaye macho anayo". Sura hiyo ilipendwa sana Leeds.

Jioni iliyofuata alifika mapema, akaweka pipa lake pembeni, akalifunika kwa leso mpaka wakati wa kupiga. Akafuata namba zake moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza hakukosea hata moja. Ila Boysie alikuwa amebadilisha sehemu ile mchana, kichwani, akiwa kwa kinyozi.

"Simama! Simama!" Boysie alisema, mkono sikioni. "Nani huyo bado yuko Jumanne?"

Watu waligeuka. Keziah aliinama juu ya pipa la Dokta, akakaa hivyo kitambo, kisha akainua kichwa taratibu, uso wake umejaa furaha asiyoweza kuificha.

"Mjomba. Hii chaki?"

"Ni… ni majaribio. Utafiti."

"Si wewe uliyekuwa redioni Jumapili unasema karatasi ni gereza la muziki?"

"Hii si karatasi, Keziah."

Uwanja ulicheka mpaka wapiga vyuma wa nyuma, wale wanaogonga diski za breki za magari, wakagonga kidogo kumsindikiza. Keziah alitemea leso yake mate, akafuta moja, akafuta mbili, akafuta zote. "Ng'onda ametiwa maji," mtu alisema kutoka kwenye mapipa makubwa, na tangu jioni hiyo hata watoto walimwita Ng'onda, ingawa kwa heshima walitanguliza Dokta.

Siku ya kupimwa ilifika. Dokta alisimama peke yake, bendi nzima imenyamaza, Tanti Verna amekaa kwenye kreti ya chupa. Alianza vizuri. Akaendelea wastani. Kisha mikono ikasimama hewani kama ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Keziah hakusema kitu, na Keziah kunyamaza ilikuwa hukumu.

Tanti Verna alimwita nyuma ya turubai.

"Bango limeshachapishwa," alisema. "Uso wako, ukubwa wa mlango. Liko bandarini, liko uwanja wa ndege, liko kwenye kila duka la rangi mpaka San Fernando."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umeshindwa vibaya sana. Lakini bango limeshachapishwa."

Akatoa vijiti viwili. Kwa kutazama vilikuwa vijiti kama vyote, vimepakwa rangi ya bendi. Ila nchani, mahali pa mpira, palikuwa na sifongo ya kuoshea vyombo iliyofungwa kitambaa cheusi.

"Piga."

Dokta alipiga pipa lililokuwa karibu. Halikutoa sauti. Ilikuwa kama paka anatembea juu ya godoro.

"Hii ni dharau, Verna."

"Dharau gani? Diwani Phelps anavyo tangu uchaguzi uliopita, na hajalalamika. Yule mpwa wa mwenye kampuni ya rangi, mwenye kope za kubandika, anavyo. Mtasimama mbele kabisa, kamera inapopita. Muziki unatoka nyuma yenu. Wewe tikisa mabega, cheka, rusha mikono. Kucheza bado unajua?"

Mtu mwenye msimamo angevirusha vijiti vile juu ya ukuta. Dokta misimamo alikuwa nayo, ya kutosha mihula miwili ya masomo. Akavitazama. Akafikiria jukwaa. Akafikiria pia wageni watatu kutoka chuo chake cha ng'ambo, waliokuwa wameshakata tiketi waje kumpiga picha akivuka, maana mwenyewe aliwaandikia kwamba anarudi kuvuka "tena". Akavitia vijiti mfukoni.

Kuanzia hapo hakuwa na shida yoyote. Watu wa sifongo hawakuitwa kwenye mazoezi ya marekebisho, kwani warekebishe nini? Diwani Phelps alimfundisha namna ya kufumba macho palipo na uchungu kwenye wimbo. "Ukifumba yote mawili ni huzuni," Diwani alimweleza, "ukifumba moja wanadhani umepatwa na jasho."

Lakini kulikuwa na kipande kimoja cha wimbo ambacho Dokta alikijua. Hakukiandikia chaki wala hakukirekodi. Mwuza dengu wa kona alikipiga mbinja wakati anapaka pilipili, na wasichana wa kituo cha teksi walikiimba kwa pua, mpaka Dokta alijikuta anakigonga kwa kijiko mezani kwake bila kufikiri. Kilikuwa kile kipande kinachopanda kuelekea mahali bendi nzima inaponyamaza ghafla, pumzi moja ya ukimya, kabla vyuma havijalipuka upya. Kilikuwa kimeingia chenyewe, kupitia mlango aliousifia vitabuni miaka yote asijue uko wapi kwake.

Siku ya nusu fainali alificha vijiti vya kweli kiunoni, chini ya shati.

Jua la Savana lilikuwa linachemsha lami. Wasukumaji waliinamia magari ya chuma yaliyobeba mapipa, wakayapandisha mteremko wa jukwaa huku wakitukanana kwa upendo. Dokta alisimama mbele, kulia kwake Diwani Phelps, kushoto kwake binti wa kope. Wale wageni watatu walikuwa kwenye reli na kamera, wamekuwa wekundu kama kamba waliochemshwa. Boysie aliinua mikono, na dunia ikaanza.

Dokta alitikisa mabega. Alicheka. Alifumba macho yote mawili mahali pake. Sauti ilimpiga mgongoni kama wimbi, na mikono yake ilipita juu ya chuma bila kukiamsha, na kwa muda aliona haya kama hajawahi kuona kwenye jukwaa lolote. Kisha akakisikia kipande chake kinakaribia. Akavichomoa vijiti vya kweli, vya sifongo vikaanguka miguuni, akapiga.

Noti zililia! Kila noti ilikaa mahali pake kati ya noti za Keziah na za wenzake, na Keziah aligeuza shingo kwa mshangao. Dokta alipanda na kile kipande, akapanda nacho, jasho likimwingia machoni, akafika kileleni.

Asubuhi ile Boysie alikuwa amekata mkia wa kipande kile. Noti mbili za mwisho aliziona nzito, akazitupa. Bendi nzima iliambiwa. Watu wa sifongo nani angewaambia?

Bendi ilinyamaza. Mamia ya vijiti yalisimama hewani. Na ndani ya ukimya ule, Savana nzima imeshika pumzi, pipa moja la mbele lilisema peke yake, waziwazi, kama mtu anayebisha hodi kwenye mazishi:

"Ting-ting."

Kofia ya Boysie ilianguka. Diwani Phelps alifumbua macho. Kisha kutoka kwenye viti vya bei rahisi mtu alicheka, kicheko kikakimbia kama moto kwenye nyasi, wapiga vyuma wakakidakia hapohapo, na Savana ikaruka juu.

Chini ya jukwaa Tanti Verna alimshika Dokta ukosi wa shati.

"Nilikupa sifongo usisikike, au na mikono nikufunge? Nani alikutuma?"

"Verna, nilidhani—"

"Wewe usidhani! Nimeshona sare za watu hawa kwa mikono yangu! Umetuzika mchana kweupe!"

Alikuwa bado anamtikisa matokeo yaliposomwa. Kaskadura wameingia fainali, na jaji mkuu alipewa kipaza sauti akasema kwamba kilichowagusa majaji ni "ule utani wa kijasiri ndani ya ukimya". Tanti Verna aliachia ukosi. Akaunyoosha.

Redioni jioni ile Boysie alieleza kwamba wazo la zile noti mbili alikuwa nalo tangu Krismasi. Diwani Phelps alisema alimtia moyo mpigaji. Wageni wa ng'ambo waliandaa mhadhara wa haraka katika chuo cha kisiwani, wakamkalisha Dokta mbele, wakamwuliza ulikuwa na maana gani ule mlio. Na Dokta, ambaye angeweza kusema ukweli kwa maneno matatu, aliinamisha kichwa kidogo, akashusha sauti. Alisema ukimya wa jamii ni mlango. Alisema sisi tulioonja utumwa tunaujua ukimya kuliko wote. Alisema alikusudia kubisha mlango huo. Waliandika kwenye karatasi.

Mhadhara ulirushwa hewani moja kwa moja, na uwanjani Laventille waliusikiliza wote, supu mkononi. Dokta alipotokea langoni kesho yake aliwakuta wamejipanga kama wanaomngoja bwana harusi.

"Ng'onda," Tanti Verna alisema, "tumesikia kwamba ulikusudia."

Dokta alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga lango.

"Basi kama ulikusudia," alisema Tanti Verna, "kusudia tena."

Keziah hakukubali. "Nipeni mimi. Noti mbili? Mimi nitazipiga nimelala!" Bendi ikapiga, ikanyamaza, naye akapiga mbili zake, safi, kwa wakati. Hakuna aliyecheka. Boysie alijikuna. "Inalia kama kengele ya benki," alisema. "Inakuambia namba yako imefika." Akajaribu binti mwingine, akajaribu mwenyewe. Zote zilikuwa sawa na zote zilikuwa zimekufa. Zilihitaji mtu anayeonekana kama ametokeza bila kualikwa, na mtu wa namna hiyo walikuwa naye mmoja.

"Njoo, Dokta," Boysie alisema. "Nyie wengine vumilieni."

Mara ya kwanza alichelewa, vyuma vikamfunika. Mara ya pili aliwahi, akabisha kabla mlango haujafungwa. Mara ya tatu alikuwa akihesabu kwa midomo na Keziah akamwona.

"Unahesabu nini, mjomba? Ukimya hauna namba."

"Sasa nitajuaje pa kuingia?"

"Tusikilize."

"Nawasikiliza!"

"Unajisikiliza mwenyewe. Sogea huku."

Akamkalisha kwenye kreti katikati ya mapipa makubwa, bila vijiti. Jioni hadi jioni Dokta alikaa hapo mikono mapajani. Chaki haikuwa na la kumsaidia, maana noti mbili zilizokaa pamoja utaziandikia nini? Alianza kusikia vitu. Alisikia kwamba mpiga pipa kubwa wa kushoto huvuta pumzi ya puani kabla ya kila mgeuko. Alisikia kwamba bendi ikikaribia kunyamaza inajikunja kwanza kidogo, kama paka kabla ya kuruka, na kwamba ukimya wenyewe haukuwa mtupu: ulikuwa umebeba kila kilichotangulia. Ili kupiga noti mbili alilazimika kuujua wimbo mzima. Hapo ndipo Boysie alipoubadilisha katikati, na Dokta, kabla hajafikiri, akautupa wa zamani. Alishtuka. Alijipapasa kichwani kana kwamba kuna kitu kimedondoka.

Hata hivyo usiku hakulala vizuri. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya watu, na daima kulikuwa na kimeza cha hotuba cha kuegemea, na maji kwenye glasi, na akikosea sentensi hii anaitengeneza kwa ijayo. Hapa hapakuwa na ijayo. Akikosa, Kaskadura wamekosa, na bango lake liko kila duka la rangi mpaka San Fernando.

Siku ya fainali bendi ilipanga mstari chini ya mteremko, taa zimewashwa, bendi iliyotangulia inamalizia. Dokta alikuwa na vijiti vya kweli. Diwani na binti wa kope walikuwa na vyao. Ndipo Boysie akaanza kupita. Wenye bendi waliujua mwendo ule: alikwenda mtu hadi mtu, akiinua kofia, akiimba kitu kidogo sikioni mwa kila mmoja, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Dokta alimwona anakaribia, akatega sikio.

"Dokta. Baada ya mbili zako, ongeza ya tatu. Ya chini. Ting-ting, halafu ngoja watu wadhani umemaliza, halafu, tong."

"Sasa hivi? Boysie, sasa hivi?"

"Sasa hivi ndiyo nimeisikia."

"Ningoje kiasi gani?"

Lakini Boysie alikuwa ameshafika kwa mwingine. Mkono wa Dokta uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kipande cha chaki. Keziah alimtazama. Alitemea leso yake mate, akaishika tayari.

Dokta alicheka. Akamtupia chaki Diwani Phelps, ambaye aliidaka akaitia mfukoni akidhani ni sehemu ya mpango. Wasukumaji wakaguna. Magurudumu yakazunguka.

Wimbo mzima Dokta hakugusa pipa. Hakutikisa mabega, hakufumba jicho lolote, na mpiga kamera wa televisheni alimwona hana raha akamruka akaenda kwa binti wa kope. Alisimama ameinua vijiti, anasikiliza. Akasikia pumzi ya puani. Akasikia bendi inajikunja. Kile kipande kikapanda, kikapanda, kikakatwa.

Ting-ting.

Kicheko kikaanza kwenye viti vya bei rahisi. Dokta akangoja. Hakuhesabu. Aliona kofia ya Boysie, aliona meno ya watu, akasikia kicheko kinafika ukingoni na kutaka kugeuka.

Tong.

Savana ilianguka kwa vicheko.

Walikuwa wa nne. Nyuma ya jukwaa, kati ya magari ya chuma, Kaskadura waliwalaani majaji kwa zamu, mama zao na shule walizosomea, na Dokta Quamina alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Wageni wa ng'ambo walimkuta ana bakuli la supu, wakamwomba aeleze maana ya ile noti ya tatu.

"Niliambiwa niipige," alisema, mdomo umejaa mahindi.

Wakangoja na kalamu zao. Akachota kijiko kingine.

Keziah alikuja akakaa kwenye gurudumu karibu naye, akimenya kwa meno mpira wa kijiti uliochakaa.

"Ya tatu ulichelewa kidogo, mjomba."

"Sikuchelewa."

"Ulichelewa. Lakini na sisi tulikimbia pale mwanzo, mapipa ya kati yakalala, na Boysie ametubebesha mizigo njiani kama punda." Alitema uzi wa mpira. "Sote tumeharibu. Ndiyo maana wa nne."

Dokta alitaka kubisha tena, maana hakuchelewa, hata kidogo hakuchelewa. Akafungua mdomo. Kisha akalirudia moyoni lile neno la Keziah lililomhesabu na yeye ndani, akafunga mdomo, akamsogezea bakuli.

"Sote," alisema. "Vibaya sana."